Isipokuwa Grafiti



Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Nilitoka mwaka 1991, na tangu hapo kazi yangu imekuwa ufundi wa mota na jenereta. Si mwalimu, wala si bingwa wa kemia. Walakini nina neno juu ya jinsi tunavyojifunza kemia, na neno hilo nililipata kwa aibu. Basi nawaomba wanafunzi mliopo sasa, pamoja na wenzangu wa zamani, mnivumilie kidogo.

Tulipokuwa kidato cha pili tuliandika daftarini maneno haya. Tuliyaandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii: metali hupitisha umeme, vitu visivyo metali havipitishi umeme, isipokuwa grafiti. Mimi niliyapigia mstari kwa penseli, nikayakariri nikitembea huku na huko chini ya miti wakati wa kujisomea jioni. Swali lilipokuja katika mtihani nilijibu sawasawa, nikapewa alama zote. Hapana aliyeniuliza: kwa nini isipokuwa grafiti? Wala mimi sikumwuliza mtu. Nilidhani kwamba grafiti ni jiwe fulani la nchi za mbali, kitu cha vitabuni tu. Kumbe nilikuwa nimeishika mkononi, maana ndiyo iliyochora ule mstari.

Sasa nieleze aibu yenyewe. Miaka michache baada ya kutoka shuleni nilikuwa mwanafunzi wa fundi mmoja mzee, mtu ambaye hakuvuka darasa la sita. Siku moja alinituma peke yangu kwenda kutengeneza jenereta ya zahanati moja ya mashambani. Jenereta ile ilikuwa ya namna ya zamani kidogo. Ndani yake mna pete mbili zinazozunguka pamoja na rota, na juu ya kila pete kimekaa kipande cheusi kinachosukumwa na springi. Vipande hivyo mafundi tunaviita kaboni. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye rota inayozunguka, bila waya kujisokota na kukatika. Kwa kuwa kaboni husuguliwa mchana na usiku, huliwa kidogo kidogo kama chaki ubaoni, na uvumbi wake huanguka mle ndani.

Nilitoa kaboni mbili zilizokwisha, nikatia mpya. Uvumbi mweusi ulikuwa umejaa kila mahali, umechanganyika na mafuta, umeganda juu ya vishikio. Niliutazama nikasema moyoni: haya ni masizi tu, masizi si metali, hayawezi kudhuru kitu. Nikafunga kifuniko, nikawasha, taa zikawaka, nikapokea malipo nikaenda zangu.

Baada ya majuma machache tukaitwa. Usiku uliotangulia taa zilififia, zikazimika kabisa, na mama mmoja alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Sista aliyekuwa zamu aliwasha taa ya chemli, akamkabidhi mama mkwe wa yule mzazi aishike, akaendelea na kazi yake. Kwa neema ya Mungu mtoto alizaliwa salama. Lakini yule bibi alipotuona asubuhi, mkono wake bado ulikuwa mweusi kwa moshi wa chemli. Hakusema neno. Alinitazama tu.

Mzee alifungua jenereta. Kishikio kimoja kilikuwa kimeungua. Akaniuliza:

“Kijana, ulisafisha humu ndani?”

“Nilibadilisha kaboni zote mbili, Mzee.”

“Sikuuliza hayo. Nauliza juu ya uvumbi huu mweusi.”

“Huo ni masizi tu, Mzee. Si metali. Hauwezi kupitisha umeme.”

Mzee hakunikaripia. Aliniuliza tena, polepole: “Kaboni ulizotia, kazi yake ni nini?”

“Kupeleka umeme kwenye rota.”

“Na uvumbi huu umetoka wapi?”

Hapo nilinyamaza. Mzee akachukua mita yake, akaweka ncha moja juu ya uvumbi upande huu na ncha ya pili upande wa pili, na mshale ukaruka. Kisha akatoa sikioni penseli yake ya kupimia, akachora mstari mnene juu ya karatasi, akagusa mstari kwa zile ncha mbili. Mshale ukasogea tena. Akasema, “Mambo ya kaboni haya, msomi wangu. Huko shuleni hawakukwambia?”

Waliniambia, ndugu msomaji. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeambiwa, nikaandika, nikakariri, nikapewa na alama. Lakini nilichopewa kilikuwa neno “isipokuwa” peke yake, na neno hilo halina macho. Haliwezi kuitambua grafiti ikija kwako imevaa nguo nyingine: kama ncha ya penseli, kama kipande cha mota, kama uvumbi mchafu wenye mafuta. Nilichohitaji ni sababu, kwa kuwa mwenye sababu hulitambua jambo hata akilikuta mahali pageni.

Basi sababu yenyewe ni hii, nami nitaieleza kwa maneno mepesi ili hata kijana wa kidato cha kwanza aifuate. Atomu ya kaboni ina elektroni 6. Mbili zimekaa ndani karibu na kiini, hazijishughulishi na majirani. Nne zimekaa nje, na hizo ndizo zinazofunga urafiki. Tuseme basi kwamba kaboni ina mikono minne. Umeme katika waya si kitu kingine ila elektroni zinazosafiri. Kwa hiyo tukitaka kujua kama kitu kitapitisha umeme, haitoshi kuuliza kimetengenezwa kwa nini. Yatupasa kuuliza pia: mikono yake imeshikana namna gani, na je, kuna elektroni iliyo huru kutembea?

Tutazame almasi. Katika almasi kila atomu imeshika majirani wanne, mmoja kwa kila mkono, kuelekea pande zote: juu, chini na kando. Mikono yote imekamatwa. Kila elektroni ya nje imefungwa kati ya atomu mbili, na kuing'oa hapo kwataka nguvu nyingi mno. Ndiyo maana almasi ni ngumu kuliko mawe yote, na ndiyo maana pia haipitishi umeme. Ugumu wake na ubahili wake wa umeme vimetoka katika jambo moja.

Sasa tutazame grafiti. Atomu ni zilezile, wala hakuna kilichoongezwa. Lakini hapa kila atomu imeshika majirani watatu tu, wote katika sakafu moja, nazo zimejipanga katika vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Elektroni ya nne haikufungwa na jirani mmoja. Imekuwa mali ya sakafu nzima, nayo huenda huku na huko kama watu uwanjani siku ya gulio. Ukiweka betri upande huu na upande huu, umati ule huanza kusogea njia moja. Huo ndio umeme unaopita.

Tena sakafu hizo zimepangwa moja juu ya nyingine, na nafasi kati ya sakafu na sakafu ni zaidi ya mara mbili ya nafasi kati ya atomu na atomu jirani yake. Hazikushikana kwa mikono, zimeegemeana tu. Kwa hiyo mambo mawili hufuata. La kwanza, sakafu huteleza upesi. Ukisugua penseli juu ya karatasi, sakafu za juu hubaki karatasini, na huko ndiko kuandika. Kwa sababu hiyohiyo kaboni ya mota huteleza juu ya pete bila kuikwaruza sana. La pili, umeme hupita vizuri kufuata sakafu, lakini kuvuka kutoka sakafu hii kwenda ile huona taabu kubwa. Jiwe moja, njia mbili, na tabia mbili mbalimbali. Neno “isipokuwa” haliwezi kukwambia hayo.

Watu hawakuyajua haya kwa siku moja. Zamani wengi hawakukubali kwamba almasi na makaa ni ndugu. Mwaka 1772 Lavoisier wa Ufaransa aliunguza almasi kwa kioo cha kukusanya mwali wa jua. Mwaka 1797 Smithson Tennant, Mwingereza, aliunguza almasi na makaa ya uzito uleule, akaona kwamba hewa inayotoka ni ileile na kiasi chake ni kilekile. Basi almasi ni kaboni tupu. Lakini kama ni kaboni tupu, tofauti imetoka wapi? Jibu lilingoja miaka zaidi ya 100, mpaka mwaka 1913 Bragg baba na Bragg mwana walipotumia miali ya eksirei kuonyesha jinsi atomu zilivyojipanga katika almasi. Mpango wa sakafu za grafiti ulielezwa sawasawa na Bernal mwaka 1924. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wala habari haikuishia hapo. Mwaka 1985 Kroto, Curl na Smalley waligundua kaboni ya namna nyingine: atomu 60 zilizojifunga kama mpira wa miguu. Ajabu ni hii, kwamba katika mpira huo kila atomu imeshika majirani watatu, kama katika grafiti, na hata hivyo mipira hiyo ikiwa safi haipitishi umeme vizuri. Sababu? Elektroni zimefungiwa kila moja katika mpira wake, na kuruka kutoka mpira hadi mpira ni shida. Lakini mwaka 1991, mwaka uleule niliotoka shuleni, wataalamu walitia potasiamu kati ya mipira hiyo, nayo ikapitisha umeme; na ilipopozwa mpaka baridi kali mno, ikapitisha bila upinzani wowote. Tena mwaka 2004, huko Manchester, Geim na Novoselov walitoa sakafu moja tu ya grafiti, yenye unene wa atomu moja, kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi kama huu tunaofungia vifurushi. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobeli. Penseli na utepe wa gundi! Vitu hivyo vimo katika kila dawati la shule yetu.

Sasa nifike kwenye maoni yangu. Naona tuache kuandika daftarini sentensi ile kama ilivyo. Badala yake, kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili ajaribu kwa mkono wake mwenyewe, kisha aelezwe mikono minne. Najua nitapingwa, tena na watu ninaowaheshimu.

Wengine watasema: mambo ya elektroni ni ya madarasa ya juu, mdogo akipewa mapema atachanganyikiwa. Mimi nasema mdogo huchanganyikiwa zaidi na sheria yenye “isipokuwa” isiyoelezwa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anajua mkono uliofungwa na mkono ulio huru ni nini. Akifika madarasa ya juu atapewa majina makubwa, naye atakuwa na mahali pa kuyatundika.

Wengine watasema: silabasi ni ndefu na mtihani haungoji. Hoja hii ina nguvu, sikatai. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi na vipindi vichache ana haki ya kulalamika. Lakini majaribio ninayosema yachukua kipindi kimoja tu. Na mwanafunzi akijua sababu, hapati swali moja peke yake. Apata maswali ya ugumu, ya kuteleza, ya umeme na ya joto yote pamoja, maana yote yametoka kwenye mizizi ileile.

Wengine tena watasema: hatuna vyombo. Hapo nakataa kabisa. Waganda huita betri za tochi amanda, yaani makaa, na wakubwa wetu waliozitia jina hilo hawakukosea, kwa kuwa ndani ya betri ya kawaida, ile ya bei nafuu, mna kijiti cheusi cha kaboni kinachotoa umeme nje, na ule unga mweusi uliokizunguka umechanganywa na kaboni ili umeme upate njia. Jina lilikuwa na elimu ndani yake. Sisi ndio tulioacha kuuliza.

Vyombo ni hivi: betri 2 za tochi, balbu ndogo ya tochi, vipande vitatu vya waya, na penseli. Chonga penseli pande zote mbili. Funga waya ili umeme utoke betrini, upite katika penseli, ufike kwenye balbu, urudi. Balbu itawaka, ingawa si kwa mwanga mwingi. Vunja penseli katikati, ujaribu nusu moja: mwanga utaongezeka, maana njia imekuwa fupi. Jaribu penseli yenye alama ya B, kisha yenye alama ya H. Ncha ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, utaratibu uliobuniwa na Conté wa Ufaransa mwaka 1795, na H ina udongo zaidi. Udongo haupitishi umeme. Wanafunzi waone wenyewe lipi lang'aa zaidi, ndipo waambiwe sababu, si kabla.

Kisha uende jikoni, umwombe mpishi kipande cha makaa. Mara nyingi balbu haitawaka. Je, makaa si kaboni? Ni kaboni kwa sehemu kubwa, lakini makaa yetu huchomwa ndani ya tanuri la udongo kwa moto usio mkali sana. Sakafu zake ni vipande vidogo vidogo vilivyotupwa ovyo, havikuungana. Makaa yaliyochomwa kwa moto mkali zaidi hupitisha umeme, maana moto ule umefukuza vitu vingine na kuziunga sakafu. Basi hapo kijana ataona kwa macho yake kwamba jina “kaboni” halitoshi. Lazima aulize: imeungwa namna gani?

Naomba jambo moja lishikwe sana. Majaribio haya ni ya betri 2 za tochi tu. Mtu asiguse umeme wa ukutani, wala asifungue betri ya simu au ya gari. Niliona jenereta ikiungua kwa sababu ya ujinga wangu. Sitaki kusikia kwamba mtoto ameungua kwa sababu ya barua yangu.

Almasi hatunayo shuleni, na mwalimu mkuu hatainunua. Lakini tuijue, kwa sababu ni mali ya jirani zetu. Kongo wanaichimba Mbuji-Mayi, na Tanzania wanayo Mwadui, mahali ambapo Williamson, mtu wa Kanada, aligundua mwamba wake mwaka 1940. Na almasi pia yavunja sheria za kukariri. Tumezoea kusema kwamba kinachopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri, na kisichopitisha umeme hakipitishi joto. Almasi haipitishi umeme, lakini yapitisha joto kama mara tano kuliko shaba! Sababu ni ileile ya mikono minne: zimeshikana kwa nguvu hata mtikisiko wa atomu moja hufika upesi kwa zote. Wauzaji wa vito huitambua almasi kwa chombo kidogo kinachopima jinsi inavyonyonya joto. Tena zipo almasi za rangi ya buluu zenye chembe za boroni ndani yake. Boroni ina mikono mitatu tu. Pengo la mkono unaokosekana huwapa elektroni nafasi ya kusogea, nazo almasi hizo hupitisha umeme kidogo. Kwa mwenye kukariri, hayo ni “isipokuwa” nyingine mbili za kuongeza daftarini. Kwa mwenye sababu, ni hadithi moja.

Labda wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi tu. La, hasha. Grafiti sasa yatafutwa duniani kote, kwa sababu betri za simu na za motakaa za umeme zina grafiti ndani yake. Kati ya zile sakafu ndimo lithiamu hujificha betri inapotiwa umeme. Boda boda za umeme zinazopita Kampala leo zinaendeshwa na betri za namna hiyo. Na grafiti iko kwetu. Iko Orom, wilayani Kitgum. Iko Mahenge huko Tanzania, na Balama huko Msumbiji. Lakini grafiti ikitoka ardhini haifai betri bado. Lazima itakaswe mpaka kaboni ifikie kama 99.95 kwa mia, na vipande vyake vifinyangwe kuwa vidogo na vya mviringo. Anayejua kazi hiyo ndiye anayelipwa vizuri. Anayechimba na kupakia magunia hulipwa kidogo.

Wazee wetu waliiona shaba ya Kilembe, iliyoanza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1956, ikipanda garimoshi Kasese, ikayeyushwa Jinja, ikaondoka nchini. Sisemi kwamba haikuleta faida. Iliajiri watu wengi. Nasema tu kwamba waya zilizorudi tulizinunua. Je, grafiti nayo itakwenda vivyo hivyo? Hilo halitaamuliwa na mawaziri peke yao. Litaamuliwa pia na vijana wa kidato cha pili wa leo, kama watakuwa wanajua sababu, au wanajua “isipokuwa” tu.

Zamani katika kurasa hizi ilikuwa desturi kumalizia na mafundisho ya tabia, nami sitaki kuwa mgeni. Tusidharau almasi kwa kuwa mikono yake yote imefungwa. Ndiyo inayotoboa miamba. Lakini elimu iliyofungwa mikono yote, ikakaa daftarini iking'aa, haipeleki kitu kwa mtu mwingine. Mwalimu wangu wa kweli katika jambo hili alikuwa mzee wa darasa la sita aliyeacha mkono mmoja wazi kwa ajili ya kijana mjinga. Alikwisha kufariki, na mita yake ninayo.

Nisimalize kwa maneno matupu. Naahidi kuleta shuleni balbu 20 za tochi, waya, na mita 2 za kupimia, moja kwa kila maabara. Nawaomba wanafunzi wa zamani wenzangu, hasa wale wenye karakana na maduka, kila mmoja alete betri za darasa moja kwa mwaka. Chama cha Sayansi kiyafanye majaribio haya siku ya wazazi, mbele ya baba na mama zetu, kwa penseli zilezile wanazotununulia. Na mwalimu akipenda kunialika, nitakuja na kaboni moja iliyoliwa, pamoja na uvumbi wake ndani ya chupa, ili vijana waupime wenyewe.

Jenereta ile niliisafisha siku ileile, kila pembe, kwa brashi na kitambaa kikavu, mpaka Mzee akapitisha kidole asione weusi. Taa ziliwaka jioni. Yule bibi alipita na mtoto mgongoni, akatazama juu kwenye balbu, kisha akanitazama mimi. Safari hii alisema neno moja: “Haya.”

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Zamani, 1991